Wimbo Usio na Ithibati

Nchi yetu ipo, msitie shaka. Jina lake tu ndilo halipo kwa sasa, kwa sababu limepelekwa kwenye kamati ili ithibitike kwamba halina madhara kwa wanaolitamka. Mpaka litakaporudi, tumeelekezwa kuiita Nchi. Ni Nchi nzuri. Ina mito, ina milima, ina bendera, na ina watu wapole wanaojua kusubiri.

Naipenda. Nalisema hilo mapema, maana wapo watakaosoma habari hii wakadhani ninalaumu. Silaumu. Ninaeleza tu jinsi mambo yalivyokwenda, na mwisho mtaona kwamba yalikwenda vizuri, ingawa kwa njia ambayo hatukufundishwa chuoni.

Jina langu ni Sikudhani. Nilimaliza shahada ya uhandisi wa vifaa vya tiba, nikaajiriwa katika karakana ya serikali, na kazi yangu ya kwanza ikawa Kitanda Joto: kitanda kidogo cha kuwapasha moto watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao. Nilifurahi sana. Nilijua kwamba mtoto wa namna hiyo hana mafuta mwilini, akipoa kidogo tu anaanza kuondoka, na kwamba kinachomrudisha si dawa bali joto. Nikasema moyoni, hapa ndipo nitakapoitumikia Nchi.

Ila kabla kifaa chochote hakijamgusa mgonjwa, sharti kipite Mamlaka ya Ithibati. Mamlaka hii ina sifa ambayo nchi nyingine hazina: tangu ianzishwe, hakuna mtu hata mmoja aliyedhuriwa na kifaa ilichokiidhinisha. Sifa hiyo imedumu kwa sababu Mamlaka haikuwahi kuidhinisha kifaa, isipokuwa kile kijiti cha kukandamizia ulimi, nacho kiliidhinishwa kwa sharti kwamba kisiingizwe kinywani.

Mkurugenzi wa Mamlaka, Bwana Hatibu Mbonde, si mtu mbaya. Ni mpole, huvaa koti la sufu hata wakati wa kiangazi, na anapopiga mhuri huupiga taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Nilipompelekea mchoro wa Kitanda Joto aliutazama kwa upendo, akasema, "Mwanangu, hiki ni kitu kizuri sana. Wajukuu zako watakifurahia."

*

Matumaini yangu yalifufuka siku Waziri wa Afya, Ubunifu na Tahadhari, Mheshimiwa Dakta Shaweji Kumbakumba, aliporudi kutoka ng'ambo. Alikwenda kwenye warsha na akarudi na begi la zawadi, kofia, na mbinu mpya. Ilikuwa ile ile niliyoisoma chuoni, na yeye aliiita Mbinu ya Hatua Ndogo. Inasema hivi: usijifungie miaka kumi ukijenga kitu kizima ndipo ukione. Jenga kipande. Mwonyeshe atakayekitumia. Msikilize. Rekebisha. Kisha jenga kipande kingine.

Niliisikia redioni, jikoni kwetu, na machozi yakanitoka. Mama akageuka na mwiko mkononi.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Serikali imeamua kuwasikiliza watu."

Mama akaendelea kukoroga mchuzi. "Basi usizime," akasema. "Matangazo ya vifo bado hayajaanza."

Kesho yake karakana yote ikaingia kwenye Mbinu. Mbinu inataka kikosi kikutane kila asubuhi kikiwa kimesimama, ili miguu ichoke na maneno yawe machache. Waraka wa Wizara ukaboresha hapo. Mkutano wa kusimama, ukasema, utakuwa na mwenyekiti, katibu, sala ya kufungulia, kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, na mengineyo. Mwenyekiti akapewa kiti, kwani mwenyekiti bila kiti ataongoza nini? Na kwa kuwa aliyeketi ndiye aliyekuwa akizungumza, mkutano ulikwenda mpaka chakula cha mchana. Wenzetu waliozimia waliandikwa kuwa wametoka kwa udhuru.

Mbinu inataka pia kila kazi iandikwe kwenye kikaratasi cha njano kinachonata, kibandikwe ukutani, na kazi ikisonga kikaratasi nacho kisogezwe. Maafisa wa Mamlaka walipoviona vikaratasi vyetu walishtuka kama watu waliokuta nyoka chumbani. Hati zisizo na sahihi, zinazohamahama ovyo. Wakaelekeza kila kikaratasi kisainiwe, kipigwe mhuri, kisha kivikwe plastiki ngumu. Kikivikwa plastiki hakinati tena, kwa hiyo tukavipigilia misumari. Ukitaka kusogeza kazi uombe nyundo. Nyundo iko stoo, na stoo hufunguliwa kwa barua. Lakini ukuta ulipendeza, na shule kadhaa zililetwa kuuona.

Mimi sikukata tamaa. Niliamini kwamba yote hayo yalikuwa maganda, na kwamba ndani kulikuwa na tunda: siku ya kumwonyesha mtumiaji.

*

Mtumiaji wangu alikuwa Sista Bihawa, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti katika hospitali ya rufaa. Ni mwanamke mnene, mwenye kandambili za bluu zinazosikika kabla yake, na hakuwa na muda na mtu yeyote mwenye uzito unaozidi kilo mbili. Nilikwenda kwake bila barua, jioni moja baada ya kazi, na kitanda cha majaribio kimefungwa kwenye shuka.

Alikuwa na mtoto mmoja aliyemwita Njugu, kwa sababu alikuwa mdogo, mwekundu na amejikunja. Mama yake Njugu, msichana mwenye sauti ndogo anayeitwa Tatu, alikuwa ameketi pembeni, akimtazama mwanawe jinsi mtu anavyoutazama mshumaa kwenye upepo. Siku hizo wodi ilipashwa moto kwa majiko ya mkaa na chupa za maji ya moto zilizofungwa vitambaa. Chupa zikipoa, Tatu alimweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akafunga kanga juu yake.

Kitanda changu kilipasha vizuri. Shida ni umeme. Kuna nchi ambazo umeme hukatika. Kwetu umeme hupumzika. Ukipumzika kitanda kinapoa, kwa hiyo tulikiwekea betri ndogo ya kupiga kengele ili muuguzi aje haraka. Nikaipiga kengele hiyo mbele ya Sista.

"Hii?" akasema. "Hii ni kama simu ya mtu anayekuomba vocha. Nitaipuuza."

Nikaenda, nikarekebisha, nikarudi.

"Hii nzuri mno. Nitalala."

Nikarekebisha tena. Safari ya tatu kengele ilitoa mlio mkali, wa kukwaruza, kama sufuria inayoburutwa kwenye saruji. Sista akaruka kutoka kitini, akafika kitandani kabla hajajua anakwenda wapi.

"Hiyo hiyo," akasema, mkono kifuani. "Mungu akusamehe. Hiyo hiyo."

Tatu akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Dada Injinia," akaniuliza, "kwa hiyo sasa naweza kulala usiku?"

Nikamwambia ataweza. Ndilo neno nililolibeba kwenda nalo nyumbani, na ndilo lililonifanya nisilale mimi.

*

Sasa niwaeleze juu ya maonyesho.

Nchini kwetu kitu hakionyeshwi tu. Kifuniko cha kisima kikipatikana, mgeni rasmi anaalikwa kukifunika. Mbinu ilisema tuonyeshe kila hatua ndogo, kwa hiyo kila hatua ndogo ikapata mahema, viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe, matarumbeta, ngoma, risala, na fulana. Bado ninayo ile ya kwanza, imeandikwa kifuani, "Hatua ya Kwanza: Skrubu." Mheshimiwa Waziri mwenyewe alikata utepe, akaikaza skrubu nusu mzunguko, na ngoma zikalia. Hatua ya pili ilikuwa mguu wa kitanda. Muda wetu mwingi kati ya hatua na hatua tuliutumia kutafuta mahema.

Hatua ya tatu ilikuwa kengele. Nilimwalika Sista Bihawa, nikaomba apewe nafasi ya kusema, kwa kuwa Mbinu inataka mtumiaji asikilizwe. Mamlaka ilikuwa imeshatoa ufafanuzi juu ya jambo hilo. Mtumiaji, ulisema ufafanuzi, ni mtu mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliopo. Sista akaketishwa nyuma ya ngoma.

Nikabonyeza. Sufuria ikaburutwa kwenye saruji. Mheshimiwa akakunja uso.

"Mlio huu," akauliza, "ni wa nchi gani?"

"Si wa nchi yoyote, Mheshimiwa. Ni kengele tu."

"Hapo ndipo ninaposikitika." Akasimama, akashika kipaza sauti, na mahema yakatulia. "Ndugu zangu, itifaki imezingatiwa. Mtoto anazaliwa Nchini. Anapoa Nchini. Halafu anakuja kuliliwa na kengele isiyo na uraia. Je, huo ndio uzalendo tunaomlisha angali mchanga? Naelekeza: kitanda hiki kikiita, kiite kwa Wimbo wa Taifa. Beti zote."

Makofi yalikuwa makubwa. Nami nikanyoosha mkono, kwa nia njema kabisa. Mshereheshaji akaniinamia na kunong'ona, "Shusha, dada. Maelekezo hayaulizwi maswali, yanapigiwa makofi." Bwana Hatibu Mbonde, ambaye ofisini kwake mchoro wangu wa skrubu ulikuwa bado unasubiri, akatoa mhuri mfukoni na kuipitisha kengele mpya pale pale, juu ya meza ya soda. Hakuna kitu kilichowahi kupita haraka vile Nchini. Gazeti lilisema huo ulikuwa ushahidi kwamba Mbinu inafanya kazi.

Kengele ikiwa imepita, vingine vyote vilivyoizunguka navyo vikahesabika vimepita, na Kitanda Joto kikapelekwa wodini. Na kwa kuwa kifaa chenye ithibati kimefika, visivyo na ithibati viliondolewa. Majiko yakafungiwa stoo pamoja na nyundo. Chupa za maji ya moto zikafuata. Afisa wa Mamlaka alimkuta Tatu na mtoto kifuani, akapekua kumbukumbu zake, kisha akamweleza kwa adabu kwamba kifua cha mama hakijasajiliwa kuwa kifaa cha kupasha joto. Angeweza kumshika mtoto saa za kutazama wagonjwa, kama mgeni mwingine yeyote.

*

Msomaji wa nchi nyingine pengine hajui Sheria ya Heshima kwa Wimbo. Inasema kwamba Wimbo wa Taifa ukipigwa, kila mwenye miguu atasimama wima, mikono ubavuni, na hatasogea mpaka noti ya mwisho. Anayesogea anakwenda ndani. Na wimbo wetu ni mrefu. Mtunzi wake alitoka sehemu yenye mabonde, akataka kuyataja yote, hakutaka bonde lolote lijisikie vibaya.

Umeme ulipumzika mara ya kwanza siku ya Jumanne, mchana, nami nilikuwa pale kuangalia kitanda changu. Joto likashuka. Matarumbeta yakalia kutoka chini ya godoro la Njugu.

Wodi nzima ikasimama. Mama wa jikoni aliyekuwa akiwagawia wazazi uji alibaki na kijiko hewani. Daktari aliyeinama kufunga kiatu akanyooka, kiatu kikiwa wazi. Mlangoni Koplo Mdoe, askari wa hospitali, mtu mwenye sauti nene aliyependa wimbo ule kwa dhati, alipiga saluti na kuanza kuimba. Sista Bihawa alikuwa hatua chache kutoka kitandani. Tatu alikuwa karibu zaidi. Angenyoosha mkono angemgusa mwanawe. Mikono ilikuwa ubavuni.

Tukaimbiwa bonde la kwanza. Tukaimbiwa bonde la pili. Miguu ya Njugu, iliyokuwa myekundu, ikaanza kugeuka rangi ya majivu. Nilikuwa nimeusimamia wimbo ule tangu darasa la kwanza na sikuwahi kujua kwamba una mabonde mengi kiasi kile.

Noti ya mwisho ilipokufa tu, Sista akawa kitandani. Alimsugua, akamfunika, akampulizia, na baada ya muda Njugu akatoa kilio chembamba cha hasira. Tatu akaketi sakafuni.

"Nawapongeza," Koplo Mdoe akasema kutoka mlangoni, macho yakiwa na machozi. "Nidhamu nzuri. Hasa mama mtoto."

Sista akanivuta pembeni ya kabati.

"Mwanangu, ile kengele yetu iko wapi?"

"Imeondolewa, Sista."

"Irudishe."

"Hii imepigwa mhuri."

"Mhuri unapasha joto?"

Nikaanza kumweleza utaratibu. Akanikatiza, si kwa ukali. "Basi nenda kawaulize wanaojua," akasema. "Ukichelewa, mara ya pili wimbo ukilia nitamwendea mtoto. Na nikienda sitarudi wodini, nitakwenda jela, na hawa watabaki na nani?"

*

Bwana Hatibu alinipokea kwa chai. Nilimweleza yote, pamoja na rangi ya miguu. Alihuzunika kweli, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti.

"Tatizo ni la wauguzi," akasema hatimaye. "Wawe wanasimama karibu."

"Mikono ubavuni, Mkurugenzi. Hata wakisimama juu ya kitanda."

"Hilo nalo kweli."

"Tubadilishe mlio tu. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Kubadilisha ni kazi ya asubuhi moja, naam. Lakini kifaa kilichobadilishwa ni kifaa kipya, na kifaa kipya kinaanza kwenye skrubu." Akanisogezea sukari. "Halafu kuna maelekezo. Nikibadilisha, nitakuwa nimesema maelekezo yalikuwa na kasoro. Maelekezo hayana kasoro, mwanangu. Yakiwa na kasoro basi si maelekezo, ni mawazo."

"Kwa hiyo hakuna njia?"

"Sisi hapa tunadhibiti vifaa. Kitanda ni chetu. Wimbo si wetu. Haujawahi kuletwa hapa hata siku moja. Ungekuwa wetu ningekusaidia." Akaniangalia kwa huruma. "Kunywa chai, itapoa."

Nilitoka pale nikiwa nimevunjika moyo. Nilifika hadi getini ndipo maneno yake yakaanza kunikwaruza kichwani, kama sufuria kwenye saruji.

*

Uzinduzi mkuu ulifanyika ndani ya wodi yenyewe, ukirushwa na televisheni moja kwa moja. Kulikuwa na zulia jekundu katikati ya vitanda, na kipaza sauti, na shada la maua lililowapigisha watoto chafya. Bwana Hatibu aliketi mstari wa mbele. Sista Bihawa alipewa sare mpya na kuambiwa asizungumze. Njugu alikuwa ndani ya Kitanda Joto, amevikwa utepe wa rangi za bendera, na Tatu alisimama kwenye mstari wa wageni.

Mheshimiwa alikuwa katikati ya hotuba. "Walisema haiwezekani kuwa wepesi na waangalifu kwa wakati mmoja," alisema. "Leo nawaambia, sisi tumekuwa waangalifu kwa haraka kubwa." Hapo umeme ukapumzika.

Kamera zilikuwa na betri zake, hazikuzimika. Kitanda nacho kilikuwa na yake. Baada ya kitambo matarumbeta yakalia.

Mheshimiwa akasimama wima. Wote tukasimama wima. Koplo Mdoe akaanza kuimba. Bonde la kwanza likapita. Nikaitazama miguu ya Njugu, nikamtazama Tatu, ambaye midomo yake ilikuwa ikitamka kitu kisichokuwa maneno ya wimbo.

Ndipo nikasikia kandambili.

Katika ukimya wa watu waliosimama, kandambili za Sista Bihawa zilisikika kuliko matarumbeta. Hakukimbia. Alivuka zulia, akapita mbele ya Mheshimiwa hata akamgusa bega, akamtoa Njugu kitandani, akamfungua utepe, akampeleka kwa mama yake. Alifungua vifungo vya blauzi ya Tatu kwa mkono mmoja, akamweka mtoto kifuani, akavua kitambaa cheupe kwenye kiti cha mgeni rasmi na kuwafunika nacho. Tatu hakusogeza mguu hata kidogo. Mikono tu ndiyo ilitoka ubavuni, ikamzunguka mwanawe.

Hakuna aliyeweza kusema neno, kwa kuwa wimbo ulikuwa bado una mabonde. Mheshimiwa alibaki kutoa macho. Tulisimama hivyo muda mrefu sana, sisi na Nchi nzima iliyokuwa ikitutazama, mpaka noti ya mwisho.

"Huyu mama," Mheshimiwa akasema, "ametembea."

"Ndiyo, Mheshimiwa," Sista akajibu. "Mtoto alikuwa amepoa."

Koplo Mdoe akatoa pingu, akazishika kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Akamtazama Sista, akamtazama Njugu, akazitazama pingu. "Sista," akasema kwa sauti ndogo, "hukuweza kusubiri bonde la mwisho tu?"

"Mdoe, wewe ungesubiri kuvuta pumzi?"

Mheshimiwa alianza kutokwa na jasho. Lazima kulikuwa na kosa mahali, na televisheni ilikuwa ikingoja kujua liko wapi. Kitanda hakiwezi kuwa na kosa, kina mhuri. Maelekezo hayawezi kuwa na kosa, ni yake. Anabaki muuguzi. Lakini muuguzi alikuwa amesimama mbele ya mama mwenye mtoto kifuani, na kila mama aliyekuwa mbele ya televisheni wakati ule alikuwa na mwiko, au mchi, au kitu kingine kizito mkononi.

Kwa kuwa maelekezo yalikuwa hayajatolewa, niliona bado inaruhusiwa kuuliza. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, naomba kufahamishwa tu. Kitanda kina ithibati. Wimbo nao unayo?"

Mheshimiwa akamgeukia Bwana Hatibu. Bwana Hatibu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alinitazama kidogo, na naapa kwamba pembe ya mdomo wake ilisogea.

"Hapana, Mheshimiwa," akasema. "Haujawahi kuletwa kwetu."

"Haujawahi?"

"Hata siku moja. Umetumika kwa wananchi miaka yote hii bila majaribio yoyote."

Uso wa Mheshimiwa ukafunguka kama dirisha. "Kumbe," akasema, akikishika tena kipaza sauti, "kumbe ndugu zangu tumekuwa tukisimamishwa na wimbo usio na ithibati. Watoto wetu. Wazee wetu. Nani anajua madhara yake? Naelekeza wimbo huu uondolewe kwenye matumizi ya kitaifa mara moja, kwa usalama wa umma. Na huyu mama, aliyeutambua kuwa na hitilafu wakati sisi sote tumepumbazwa, apigiwe makofi."

Akapigiwa. Koplo Mdoe alipiga makofi kuliko wote, pingu zikigongana vidoleni mwake.

*

Bunge liliupitisha muswada wa kuuondoa wimbo kwa hati ya dharura, alasiri moja, bila kipingamizi. Kubadilisha mlio wa kitanda kungechukua miaka. Kubadilisha Wimbo wa Taifa kulimalizika kabla ya chai. Mimi ninaona hilo ni jambo la kujivunia, na nimeandika makala kuhusu hilo ambayo bado inapitiwa.

Wimbo mpya sasa uko Mamlaka, ukipita kwa hatua ndogo ndogo. Mpaka leo imeidhinishwa noti moja. Kwenye sherehe bendi huipiga hiyo, tunasimama, tunaketi. Wazee wenye magoti mabovu wanasema Nchi haijawahi kuwa na wimbo bora. Kifua cha mama nacho kimesajiliwa kwa muda, kikisubiri vipimo, na kwa kuwa muda wenyewe haukutajwa, Tatu na wenzake wanakitumia.

Wimbo wa zamani umebaki na kazi moja tu, kwenye kitanda changu, ambako mhuri unaulinda usibadilishwe. Mwanzoni nilidhani watu watausahau. Siku moja kwenye harusi simu ya mzee mmoja iliita kwa matarumbeta yale, na kabla hajaipokea wanawake kadhaa walikuwa wameshamzunguka na kanga zao, wakimuuliza mtoto yuko wapi.

Wiki iliyopita nilikwenda wodini. Njugu naye alikuwepo, ameletwa kliniki, mnene, anamng'ata Koplo Mdoe kidole. Ndani ya Kitanda Joto alilala mtoto mwingine, mdogo kuliko alivyokuwa yeye. Umeme ukapumzika. Matarumbeta yakalia.

Wakakimbia wote. Daktari alikimbia, kiatu kimoja kikiwa wazi. Mama wa uji alikimbia na kijiko. Koplo Mdoe alikuwa wa kwanza, blanketi begani, Njugu kwapani, akiuimba kwa sauti ile nene, naye hakuwa amefika bonde la pili mtoto akawa ameshafunikwa. Mimi peke yangu nilikuwa bado nimesimama wima katikati ya wodi, mikono ubavuni, kwa mazoea ya tangu darasa la kwanza.

Kandambili zikanipita, na kiwiko kikanigonga ubavuni.

"Injinia," akasema Sista Bihawa, "husikii unaitwa?"

Nikakimbia.